Namba ya joto ichapwe pamoja na mipaka yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo hujirudia kila ripoti za tabianchi zinapotangazwa. Magazeti huchapa namba moja, kwa mfano kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia itapata joto la nyuzi 3 za Selsiasi, na muda si mrefu hujitokeza watu wanaosema kwamba wanasayansi wenyewe hawaelewani, kwa kuwa mmoja amesikia nyuzi 2.5 na mwingine amesikia 4. Namba zote tatu zimo katika ripoti moja, nayo ni ya sita ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, iliyotoka mwaka 2021. Nyuzi 3 ndiyo makadirio bora, na 2.5 hadi 4 ndiyo mipaka ambamo jibu linatarajiwa kuwemo. Msomaji aliyepewa namba ya katikati peke yake, akaja kukutana na mipaka kwa mtu mwingine, ana kila sababu ya kuhisi kwamba alifichwa kitu.

Upana wa mipaka hiyo una chanzo kinachojulikana. Sehemu kubwa yake ni mawingu, na kinachofanya iwe vigumu kuipunguza ni erosoli, yaani chembe ndogo mno zinazoelea hewani: chumvi inayorushwa na mawimbi ya bahari, vumbi la jangwani, masizi ya moto, na salfeti inayotokana na makaa ya mawe na mafuta yenye salfa.

Bila chembe hizo tusingekuwa na mawingu tunayoyafahamu. Katika hewa isiyo na chembe hata moja, unyevu ungelazimika kupanda hadi asilimia mia kadhaa ndipo mvuke ugeuke matone. Chembe zikiwepo, inatosha unyevu uzidi asilimia 100 kwa kiasi kisichofika hata asilimia moja. John Aitken, mwanasayansi wa Uskoti, alilichunguza jambo hili katika miaka ya 1880 na kubuni chombo cha kuhesabu chembe hewani. Yeyote anaweza kulishuhudia mwenyewe kwa chupa ya plastiki iliyo angavu. Tia maji kidogo ya vuguvugu, funga kizibo, ibinye kwa nguvu kisha iachie ghafla: kitakachoonekana ni kidogo sana. Sasa ingiza moshi wa njiti ya kiberiti iliyozimwa papo hapo, funga, ibinye na uiachie tena. Ukungu mweupe hujaa chupa nzima. Ukiibinya unatoweka, ukiiachia unarudi. Maji ni yaleyale na mkono ni uleule, kilichoongezeka ni moshi tu.

Katika miaka ya 1970 mwanafizikia wa angahewa Sean Twomey alionyesha matokeo ya jambo hili kwa dunia nzima. Maji yaleyale ya wingu yakigawanywa kwa chembe nyingi zaidi, matone huwa mengi na madogo, na wingu huwa jeupe zaidi, likarudisha mwanga mwingi wa jua angani. Picha za satelaiti huonyesha milia mieupe ndani ya mawingu ya baharini, ikifuata njia zilizopitiwa na meli, kwa sababu moshi wa meli umeyaongezea mawingu hayo chembe. Hadi hapo watafiti hawana mzozo mkubwa.

Ugumu unaanza baada ya hapo. Matone madogo hayagongani na kuungana kwa urahisi, kwa hiyo manyunyu huchelewa na wingu huenda likadumu muda mrefu zaidi, kama alivyoeleza mtafiti Bruce Albrecht mwaka 1989. Lakini matone hayohayo madogo hukauka upesi wingu linapochanganyika na hewa kavu iliyo juu yake, na hapo wingu hupungua badala ya kukua. Kipi kitashinda hutegemea unyevu, upepo, na kasi ya hewa inayopanda ndani ya wingu. Modeli ya tabianchi, yaani programu ya kompyuta inayoiga mwenendo wa tabianchi, huigawa dunia katika miraba ambayo mara nyingi ina upana wa kilomita 100 hivi, ilhali tone la wingu lina upana wa maikromita (sehemu ya milioni ya mita) 10 hadi 20, na chembe iliyolianzisha huwa mara nyingi na upana wa sehemu ya kumi ya maikromita moja. Hakuna kompyuta inayoweza kulifuatilia kila tone. Mtafiti hulazimika kuandika kanuni za makadirio zinazoeleza kwa jumla yale yanayotokea ndani ya mraba, na ni katika kanuni hizo ndipo modeli moja hutofautiana na nyingine.

Wapo wanaoita kazi hiyo ubashiri. Nawaomba watazame jinsi inavyopimwa. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, James Hansen na wenzake wa NASA walichapisha mapema mwaka 1992 utabiri wa modeli yao kwamba dunia ingepoa kwa takriban nusu nyuzi, na ikapoa karibu kama walivyosema. Huo ulikuwa mtihani mwepesi kiasi, maana chembe za mlipuko huo zilikuwa juu sana, mbali na mawingu ya kawaida. Mtihani mgumu zaidi ulikuja Iceland, mpasuko wa Holuhraun ulipotoa gesi ya salfa kwa wingi kuanzia Agosti 2014 hadi Februari 2015, safari hii chini, kwenye mawingu yenyewe. Satelaiti zilionyesha matone yakiwa madogo, kama nadharia ilivyotarajia. Kiasi cha maji ndani ya mawingu, hata hivyo, hakikubadilika kwa namna ya kuonekana wazi, na modeli zilizokuwa zikisema kingeongezeka sana zikabainika kuwa zimezidisha. Binafsi naupa uzito mkubwa mfano huu wa pili, kwa sababu ubashiri haukubali kukosolewa na mlima.

Kwa nini mambo haya yamhusu msomaji? Kwa hesabu za IPCC, kati ya mwaka 1750 na 2019 ongezeko la hewa ukaa limeiongezea dunia nishati ya takriban wati 2.16 kwa kila mita ya mraba. Erosoli zinazotokana na shughuli za binadamu zimepunguza takriban wati 1.1, ila kiasi halisi kinaweza kuwa 0.4 tu au kikafika 1.7. Ikiwa zimepunguza kidogo, joto tulilokwisha kuliona ndilo karibu lote ambalo gesijoto, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazonasa joto, zimeweza kulisababisha hadi sasa. Ikiwa zimepunguza sana, basi gesijoto zina nguvu kuliko tunavyoona, na sehemu ya nguvu hiyo imefunikwa na moshi. Vipimo vilevile vya joto la karne iliyopita vinaweza kutoshea hali zote mbili, lakini miaka ijayo haitafanana.

Na kifuniko hicho kinaondolewa. Tangu tarehe 1 Januari 2020, kanuni za Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari, IMO, zimeshusha kiwango cha juu cha salfa katika mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Erosoli za angahewa ya chini hudumu siku chache au wiki hivi, wakati hewa ukaa huathiri karne kwa karne. Moshi ukikoma leo, ubaridi wake hutoweka upesi na joto lililokuwa limefichwa hujitokeza. Sikubaliani hata kidogo na wanaosema basi tuuache moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema milioni 4.2 mwaka 2019, na tafiti za modeli zinaonyesha kwamba salfa ya Ulaya na Amerika Kaskazini ilichangia ukame wa Saheli wa miaka ya 1970 na 1980 kwa kuusukuma ukanda wa mvua kuelekea kusini. Kinachofuata ni kwamba gesijoto zipunguzwe sambamba na moshi, tena kwa haraka zaidi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapa makadirio ya joto, mchape na mipaka yake katika aya ileile, na mwandishi wenu amwulize mtafiti swali moja: modeli yako inachukulia kwamba erosoli zimeficha joto kiasi gani? Jibu litaingia katika sentensi moja. Pia mtupatie habari za vipimo vyenyewe, kwa mfano vya satelaiti ya EarthCARE iliyorushwa na Ulaya na Japani Mei 2024, ambayo hutumia rada na mwanga wa leza kupima mawingu na erosoli kwa pamoja, kwa kuwa ni vipimo vya aina hiyo vitakavyoamua kama ile 0.4 hadi 1.7 itabaki ilivyo au itapungua.

Wako,
Mwalimu wa fizikia na msomaji wa gazeti hili