Monk na Powell walikuwa na mahali pa kwenda

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu wapiga piano wa jazi niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi kaandika vizuri, simnyimi haki yake. Ila pale aliposema kwamba Thelonious Monk na Bud Powell walijifundisha wenyewe kwa kukesha vilabuni, nimeshindwa kunyamaza. Vilabu vikifungwa alfajiri, watu hawa walikuwa na mahali pa kwenda. Ilikuwa nyumba ya kupanga mtaa wa Hamilton Terrace, Harlem, jijini New York, na mwenyeji wao alikuwa Mary Lou Williams, mpiga piano na mtunzi wa jazi. Katika makala nzima jina la mama huyu halimo hata kwa bahati mbaya.

Nianze na mama yake mzazi, maana ndiye hasa aliyenitia hamu ya kuandika. Mary Lou alizaliwa Atlanta mwaka 1910, akakulia Pittsburgh. Mama yake alikuwa akipiga kinanda cha kukanyaga huku kampakata. Siku moja, mtoto hata umri wa shule hajafika, mama alipoondoa mikono yeye akaweka vidole vyake na kuurudia wimbo. Mary Lou mwenyewe alisimulia kwamba mama alishtuka, akamwachia na kukimbia kuita majirani. Lakini mama huyohuyo alikataa katakata kumtafutia mwalimu. Yeye alikuwa amesomeshwa muziki mpaka akawa hawezi kupiga kitu bila karatasi, na hakutaka yamfike mwanawe. Badala yake aliwakaribisha wanamuziki nyumbani wapige, mtoto akae asikilize.

Niliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikiweka kitabu chini. Mimi ni mpiga kinanda wa parokia hapa Morogoro, mwaka wa 22 huu. (Ndiyo, Morogoro ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ambako ukisema jazi wazee wanakumbuka magitaa wala hawafikirii piano.) Nilifundishwa do-re-mi kwa rula ya vidole. Kuna harusi moja nilisahau kitabu changu kwenye daladala. Bibi harusi yuko mlangoni, kwaya imeshasimama, na wimbo wenyewe nimeupiga labda mara mia tatu. Nikaweka mikono, haikuja hata sauti ya kwanza. Kijana mmoja wa kwaya ya vijana, asiyejua nota hata moja, alinisogeza taratibu kwa bega akaupiga wote mpaka bibi harusi akafika altareni. Nilimpongeza, ila usiku ule sikulala.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi karatasi ni adui, na Mary Lou hakusema hivyo. Akiwa mdogo alipelekwa kwenye ukumbi wa maonyesho Pittsburgh, akamwona Lovie Austin kwenye piano: miguu kaikunja nne, sigara mdomoni, mkono wa kushoto unawapigia wasanii walioko jukwaani, mkono wa kulia unaandika muziki wa onyesho linalofuata. Akajiapiza kwamba na yeye atakuja kufanya vile, na alifanya. Alipojiunga na bendi ya Andy Kirk kule Kansas City alikuwa na muziki kichwani asioweza kuuandika. Mwanzoni Kirk alikuwa akimwandikia, kisha akamfundisha, na muda si mrefu binti ndiye akawa anaiandikia bendi nzima. Benny Goodman, kiongozi wa bendi nyingine, naye akaja kuomba nyimbo. Kwake sikio lilitangulia, kalamu ikafuata. Sisi huku tunaanza na kalamu, halafu tunashangaa kwa nini sikio haliji.

Mkono wake wa kushoto ndio wa kusikiliza. Besi chini, kodi juu, besi, kodi (kodi za muziki, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, si zile za TRA), bila kuyumba, wakati mkono wa kulia unatembea unakotaka. Wengi wa rika lake walibaki hapo hapo maisha yao yote, wakiishi kwa sifa za ujana. Yeye hakubaki. Mwaka 1945 aliandika vipande kumi na viwili, kimoja kwa kila nyota ya unajimu, vingi akiwawazia wanamuziki waliozaliwa chini ya nyota hizo, na mwaka uliofuata vitatu kati yake vikapigwa na okestra kubwa Carnegie Hall. Vijana walipoleta bibopu, mtindo mpya wa jazi ambao wakubwa wengi waliuita kelele, yeye aliyekuwa amewazidi umri akawafungulia mlango.

Na hapo ndipo mwandishi wenu alipotereza. Monk alikuwa mpiga piano tayari, sikatai. Mary Lou alikuwa amemsikia tangu akiwa kijana mdogo anayepita Kansas City na mhubiri wa safari. Lakini miaka ile ya arobaini Monk, Powell, mtunzi Tadd Dameron na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie walikuwa wakifika nyumbani kwake asubuhi, wanakaa sakafuni, mmoja anapiga alichotunga jana, mwenyeji anasikiliza, anasema panapolegea, wakati mwingine anakaa yeye kwenye piano kuonyesha. Hakukuwa na ada wala cheti. Kama hilo si darasa, basi sijui darasa ni nini. Angekuwa mwanaume, nina hakika angeshaitwa profesa na mtaa ule ungekuwa na sanamu yake.

Mwaka 1954, akiwa Paris, aliacha kupiga, akarudi New York na kushinda kanisani akisali kwa saa nyingi. Alibatizwa Mkatoliki mwaka 1957 pamoja na Lorraine, mke wa Gillespie. Wanamuziki waliozama kwenye dawa za kulevya aliwalaza nyumbani kwake na kuwapikia, akafungua duka la nguo za mitumba ili apate cha kuwasaidia. Ni mapadre waliomwambia kwamba sala yake iko kwenye piano. Aliporudi alimtungia Mtakatifu Martino wa Porres, Mweusi wa Peru aliyetangazwa mtakatifu mwaka 1962, utenzi ambao kwaya inauimba karibu peke yake na piano inaingia baadaye. Ningependa kwaya yangu iujaribu siku moja, ingawa najua sauti ya tatu itatushinda.

Miaka michache baadaye aliajiriwa kufundisha kwenye shule ya sekondari ya wasichana ya Kikatoliki, Pittsburgh. Badala ya kuwachosha wasichana kwa nadharia aliwatungia misa, wakaiimba, na nadharia wakaipatia humo. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa misa zake tatu. Ya mwisho iliimbwa Februari 1975 katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, New York. Kuanzia 1977 hadi alipofariki Mei 1981 alifundisha Chuo Kikuu cha Duke, yeye asiye na shahada ya kusomea, na wanafunzi walijaa. Alikuwa na mchoro wa mti aliokuwa akiutumia kueleza historia ya jazi. Kwenye mizizi yake yameandikwa mateso.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba sahihisho, hata la mistari miwili pembeni ya ukurasa. Na kama mna nafasi ya makala nyingine, msimpe mwandishi picha ya mama huyu akiwa amevaa gauni la jukwaani. Zipo anazoonekana sebuleni kwake, wanaume wamemzunguka, wanamsikiliza.

Yule kijana wa harusi sasa anakuja kwangu kila Jumamosi. Mimi namfundisha nota, yeye ananifundisha kufunga kitabu. Jumamosi iliyopita nilifika ubeti wa pili kabla sijapotea.

Mpiga kinanda wa parokia,
Morogoro