Barua kwa Neema kuhusu dawa ya mama

Pasua, Moshi

Mpendwa Neema,

Habari za Mtwara? Watoto hawajambo? Mama jana kalala vizuri, na leo asubuhi kanywa kikombe kizima cha mtori ukatulia tumboni. Nimeanza na hilo maana najua ndilo unalolitafuta humu.

Sasa lile swali lako la juzi: ni dawa gani hii inayomtesa mama kuliko ugonjwa wenyewe? Nilikujibu harakaharaka nikiwa kwenye daladala, na tangu siku hiyo moyo haujatulia. Miaka yote hii nafundisha baiolojia, halafu wewe unaniuliza jambo zito hivi nakujibu nusunusu.

Dawa hii ya kansa inaitwa sisplatini. Katikati ya kila molekuli yake kuna atomu moja ya platini, madini yaleyale ya pete za bei mbaya, imeshikwa na amonia mbili na kloridi mbili (kloridi ni ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani). Ikiwa kwenye damu hutulia, kwa kuwa damu ina kloridi nyingi. Ikishaingia ndani ya seli, ambako kloridi ni chache, zile zake mbili hubanduka, maji yakachukua nafasi, na platini ikawa tayari kushika kitu kingine. Inachoshika ni DNA, yale maagizo ya seli yaliyoandikwa kwenye nyuzi mbili zilizoshikana kama zipu, hasa moja ya herufi zake, iitwayo gwanini.

Jumamosi nilimwomba fundi cherehani kipande cha zipu iliyokufa, nikakaa nacho kando ya kitanda cha mama. Nikafunga kwa uzi meno mawili yanayofuatana, ya upande mmoja. Zipu ikapinda palepale kama kiwiko. Hivyo ndivyo sisplatini inavyofanya mara nyingi: huzivuta gwanini mbili jirani kwenye uzi uleule, na DNA inapinda digrii 30 hadi 60. Kisha nikashona kutoka upande huu hadi ule, nikavuta kichwa cha zipu. Kilifika hapo kikagoma. Hilo nalo hutokea, ila kwa uchache: platini inazifunga nyuzi mbili za DNA pamoja, hazitengani.

Mama alichukua ile zipu akajaribu mwenyewe, mara tatu. "Kwa hiyo haifunguki tena," akasema. Haifunguki, mama. Na seli ya kansa isipoweza kufungua DNA yake na kuinakili, haigawanyiki. Seli ina mafundi wake, protini zinazokata palipoharibika na kuziba upya, lakini kwenye kile kiwiko hujipachika protini nyingine zinazopenda DNA iliyopinda, mafundi wakazibiwa njia. Madhara yakiizidi, seli hujiua yenyewe.

Kinachonigusa ni kwamba hakuna aliyekuwa akitafuta dawa. Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa vipande vya platini. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakawa wanarefuka tu, hata mara 300 ya kawaida. Platini ilikuwa ikiyeyuka kidogokidogo ndani ya maji yao. Kufikia 1978 Marekani ikairuhusu kutibu wagonjwa.

Shida ni kwamba haichagui seli. Huingia na kwenye seli zisizo na kansa, na figo ndizo zinazoumia zaidi. Zile dripu za maji ya chumvi ulizoziona kwenye picha ni kwa ajili ya kulinda figo, na damu anapimwa kila mara kabla ya dawa. Masikio yakianza kuvuma, nimemwambia aseme siku hiyohiyo, asivumilie. Kwa kutapika, muuguzi kambadilishia dawa ya kichefuchefu, ndiyo maana mtori umekaa.

Neema, kuna jambo mama hajakuambia. Juzi usiku alisema hataki mzunguko wa tatu wa dawa. Bado hajamwambia daktari, kaniambia mimi tu, taa ikiwa imezimwa. Sikumbishia. Mpigie wewe, jioni akishaoga, wakati ana nguvu kidogo. Usilie kwenye simu. Muulize kuhusu zipu. Kaiweka kwenye mkoba wake, na leo alikuwa akimweleza mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Wako,
Upendo