Barua ya wazi kwa Waziri wa Madini: pH peke yake haitoshi kwenye vifusi vya makaa ya mawe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: UKAGUZI WA MAJI YATOKAYO KWENYE VIFUSI VYA MAKAA YA MAWE

Ukaguzi wa maji haya, yanayochuruzika kutoka kwenye marundo ya mawe na mabaki ya mgodi, huishia kwenye pH (kipimo cha asidi; chini ya 7 maji yana asidi), chuma na tope. Tunaomba uongeze aseniki, seleniamu, zebaki na manganizi, na ubadili wakati wa kuchukua sampuli.

Kwa wastani wa dunia, tani moja ya makaa ya mawe ina takriban gramu 0.1 za zebaki na gramu 8 za aseniki. Ni kidogo, lakini vifusi huhesabiwa kwa mamilioni ya tani. Tena sehemu kubwa ya sumu hizo imo ndani ya pairaiti, yale madini ya chuma na salfa yanayometa kama dhahabu. Makaa yakioshwa, pairaiti hutengwa na kutupwa, kwa hiyo kifusi hubaki na sumu iliyokolea kuliko makaa yenyewe.

Pairaiti ikikutana na hewa na maji hutoa asidi ya sulfuriki, na bakteria huharakisha kazi hiyo. Tani 1 ya pairaiti huzaa karibu tani 1.6 za asidi. Asidi ndiyo inayoyeyusha manganizi, alumini na nikeli. Ule utando wa rangi ya chungwa kwenye mawe ya kijito ni chuma kilichoganda, na huo kila mtu anauona.

Kinachotutia hofu ni kisichoonekana. Mgodi ukitia chokaa, pH hupanda hadi 7 au 8, maji hung'aa na ukaguzi hupita. Chuma hutuama na kuvuta sehemu ya aseniki, lakini manganizi kwa kawaida huhitaji pH ya 9 au zaidi, na seleniamu iliyo katika umbo la selenati, yaani iliyoyeyuka majini pamoja na oksijeni, haitolewi na chokaa kabisa. Seleniamu hiyo hujikusanya kwenye mayai ya samaki, vifaranga wakaanguliwa na uti wa mgongo uliopinda. Mvuvi huendelea kuona samaki wakubwa hadi kizazi kinapokatika. Katika ziwa Belews, North Carolina, Marekani, seleniamu kutoka kwenye majivu ya makaa ilimaliza aina 19 kati ya 20 za samaki miaka ya 1970.

Sampuli zichukuliwe mvua za kwanza zinaponyesha. Wakati wa kiangazi chumvi nyeupe na za njano, zilizobeba asidi na metali, hujitokeza juu ya kifusi, na mvua hiyo huzisomba zote kwa mkupuo. Anayepima mwezi mmoja baadaye hakuti kitu. Chupa moja ichujwe palepale kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha itiwe asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ikicheleweshwa, chuma huganda chupani na kunasa aseniki, na maabara hutoa namba ya uongo bila kujua. Chupa ya pili isichujwe. Zebaki iwekwe kwenye chupa ya kioo, yake peke yake.

Kwa vifusi vipya, salfa ipimwe kabla ya kumwaga. Kila asilimia 1 ya salfa ya pairaiti hudai kilo 31 hivi za kalisi kaboneti (madini ya mawe ya chokaa) ya kuzima asidi kwa tani ya kifusi. Mwamba usipokuwa nayo, mgodi uonyeshe itatoka wapi, au kifusi kifunikwe kwa udongo wa mfinyanzi tangu tabaka la kwanza. Tunaomba sharti hili liingie kwenye vibali ambavyo bado hujavitia saini.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wapimaji wa maji ya migodini