Maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja: gari hili lisafiri?

Ndugu Mhariri,

Naomba unifikishie swali hili kwa mafundi na madereva wa masafa marefu. Gari ni la petroli, injini ya cc 1,500, lina miaka 19 na limeshatembea kilomita 278,000. Safari ni kilomita 1,100 kwenda tu, watu watano na mizigo yao, na njiani kuna milima miwili mirefu. Zimebaki wiki tatu.

Mengine yameshakaguliwa. Pedi za mbele zina milimita 6, mafuta ya breki ni mapya. Betri inasoma volti 12.6 gari likiwa limelala na 14.2 injini ikinguruma, kwa hiyo alteneta inachaji. Tairi zote zina kashata nzuri, ila mbili za nyuma zimeandikwa 1416, yaani zilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2016. Hizo hazisafiri, kashata ziwe nzuri namna gani. Mpira uliozeeka hupasuka kwa joto la mwendo, hasa gari likiwa limeelemewa.

Kinachonikwamisha ni maji. Kila kilomita 400 hupungua kama nusu lita, na chini ya gari hakuna hata tone. Kwenye tambarare mshale wa joto hautikisiki. Kwenye kilima, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, unapita nusu kidogo, kikizimwa unarudi. Kuna wanaosema hilo si neno. Mimi naona ni neno, kwa sababu mshale wa magari mengi umetengenezwa utulie katikati hata joto likibadilika kidogo. Ukishajongea, ujue maji yamepata moto kweli.

Fundi wa kwanza anasema ni kifuniko cha rejeta, springi imechoka. Kimeandikwa 1.1, na kikishindwa kushika presha hiyo maji huchemka mapema, yakakimbilia kwenye chupa ya akiba na kumwagika njiani. Fundi wa pili anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeanza kuachia, tufungue. Dalili zinazojulikana na wengi hazipo: oili kwenye kijiti haijageuka nyeupe, moshi mweupe hakuna. Lakini asubuhi, injini imelala baridi usiku kucha, ukiuminya mpira wa juu wa rejeta unaukuta bado mgumu, na kifuniko kikilegezwa kinatoa "fsss". Presha inayotokana na joto hushuka injini ikipoa. Hii iliyobaki imetoka wapi kama si ndani ya silinda? Na kifuniko kilichochoka kingewezaje kuishika hadi asubuhi? Tena plagi ya silinda ya 3 imetoka nyeupe, safi kama iliyooshwa, kana kwamba maji yanaingia humo na kuisafisha kwa mvuke, wakati wenzake watatu wana rangi ya kahawia.

Kwa hiyo naelemea kwa fundi wa pili, ila kufungua hedi si kazi ya kubahatisha. Ikifunguliwa, itabidi hedi ipimwe kama imepinda, na timing belti (mkanda unaooanisha valvu na pistoni) ibadilishwe pamoja na wota pampu, maana kumbukumbu ya belti hiyo haipo, na kwenye injini hii ikikatika valvu zinagonga pistoni.

Maswali yangu ni haya. Rejeta ikipigwa presha ya 1.1 injini ikiwa baridi na ikashika kwa dakika 15, je, gasketi imesalimika, au ufa mdogo hujitokeza tu injini ikiwa ya moto na imebeba mzigo? Kipimo cha dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na moshi wa silinda, kifanyike baada ya kupanda kilima au hata gari likiwa limesimama kinatosha? Na hedi ikisharudishwa, gari lijaribiwe kilomita ngapi likiwa na mzigo kamili kabla ya kuliamini? Dawa ya kumimina ya kuziba nyufa msinishauri. Huziba pia njia nyembamba za rejeta.

Msomaji wenu