Kabla ya kutuma uigaji wa kwantamu kwenye klasta

Wanakikundi, habari zenu. Msitume kazi kwenye foleni ya klasta (kompyuta nyingi, yaani nodi, zilizounganishwa) kabla ya kupiga hesabu ya memori, maana hapo ndipo kazi nyingi zinapokatwa. Uigaji wa vekta kamili, yaani hali yote ya kyubiti (biti za kwantamu) n, huhifadhi namba changamano 2^n, kila moja baiti 16. Kyubiti 30 zinachukua GiB 16. Kila kyubiti ikiongezeka, memori inakuwa maradufu, kwa hiyo 34 ni GiB 256.

Si hayo tu. Mkigawa vekta kwenye nodi kadhaa kwa MPI (njia ya prosesi kutumiana data), programu za uigaji kama QuEST hutenga pia bafa (memori ya muda) ya kubadilishana data, yenye ukubwa sawa na kipande cha vekta. Zile 34 sasa zinataka GiB 512. Nodi mbili za GiB 256 hazitoshi, kwani mfumo endeshi nao unatumia memori, ombeni nne. Idadi ya prosesi (nakala za programu zinazoendeshwa pamoja) iwe 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo.

Kinachochelewesha zaidi ni mtandao. Geti (operesheni juu ya kyubiti) kama Hadamard kwenye kyubiti za juu, yaani zenye namba kubwa, hulazimisha nodi kubadilishana vipande vya vekta. Kwenye za chini, kazi hubaki ndani ya nodi. Geti ya CZ haina shida hiyo hata kwenye kyubiti za juu. Kwa hiyo pangeni upya kyubiti, zinazoguswa mara nyingi ziwe chini. Hatua hii inalipa sana, tafadhali msiiruke.

Kwenye Slurm (programu inayopanga foleni ya kazi), wekeni prosesi moja kwa kila soketi (chipu ya CPU), na OMP_NUM_THREADS, yaani idadi ya nyuzi za kila prosesi, ilingane na viini vya soketi hiyo. Jaribuni kwanza kyubiti 20, kwenye nodi moja kisha mbili. Matokeo yakitofautiana, msipandishe ukubwa.