Bibi yetu alikuwa na kazi

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum na poleni na majukumu. Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nimsemee bibi yetu mzaa mama, tumemzika mwezi uliopita hapa Tanga, na kuna kitu kimenikaa kooni tangu siku ile.

Asubuhi ya msiba mjomba alienda kushughulikia kibali cha mazishi, huko akaulizwa marehemu alikuwa anafanya kazi gani, mjomba wa watu hajalala usiku kucha akabaki anaduwaa, basi karani akajaza mwenyewe, "hana kazi". Nimeiona ile karatasi kwa macho yangu. Karani simlaumu sana maana bibi hamjui, ila mimi namjua, ndo mana naandika.

Nimelala chumba kimoja na bibi toka nina miaka 4 mpaka namaliza la saba, pale Ngamiani. Bibi alikuwa anapika vitumbua. Kila siku ya Mungu magharibi ikishaswaliwa analoweka mchele, na zamani kabla mashine za kusaga hazijazagaa mitaani kwetu ulikuwa unatwangwa kwenye kinu, sisi wajukuu tunapokezana mchi mpaka viganja vinawaka, halafu anachanganya na tui, hamira na iliki anafunika na kanga kuukuu. Saa tisa usiku yuko macho. Mimi nilikuwa nasikia mbuzi ya nazi inakwangua, kwaru kwaru, najua bado kidogo kuadhiniwe. Chuma chake kilikuwa cha vishimo saba, na alikuwa anageuza kitumbua kwa kijiti cha mnazi bila kuangalia, huku anaongea na wewe, anasikiliza tu ule mlio wa mafuta ukibadilika anajua hiki tayari. Nimejaribu mwenyewe mara nyingi, wallahi, vyangu vinaungua chini na katikati vinabaki ubichi.

Wateja wake walikuwa watu wa bandarini, watu wa reli, wanafunzi, na wale wa baiskeli, si mnajua Tanga na baiskeli, mtu hashuki, anaegemea tu mguu mmoja ukutani anafungiwa vyake anaondoka.

Alianza biashara hiyo baada ya babu kukosa kazi. Babu alikuwa kwenye shamba la katani, na sisi watu wa Tanga hatuhitaji kuhadithiwa katani ilikuwa nini, miaka ya mwanzo ya Uhuru nchi hii ilikuwa inatoa zaidi ya tani laki mbili kwa mwaka, halafu zikaja kamba za nailoni bei ikaporomoka, watu wakaanza kupunguzwa. Babu akarudi nyumbani na kifua kibovu, hakukaa sana akafariki. Bibi akabaki na watoto saba na chuma cha vitumbua. Wote saba wamesoma, mmoja ni nesi, wawili walimu, na wajukuu tuliolelewa pale ndani mimi nikihesabu nafika kumi na mmoja na bado wapo watoto wa majirani waliokuwa wanakula kwetu siku zote mpaka ukisahau kama sio ndugu.

Ile miaka ya 80 mwanzoni, ya foleni za RTC, ile kampuni ya serikali ya kugawa bidhaa, na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mchele ukawa haupatikani na sukari ndo usiseme. Mama anatuhadithia bibi hakulala kitandani hata siku moja, akageuza, akawa anachemsha mihogo na nazi anauza saa ile ile, pale pale, kwa watu wale wale.

Na kuna lingine nataka lijulikane. Ule mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima walipita nyumba kwa nyumba kuandikisha, bibi akaulizwa unajua kusoma na kuandika? Akasema najua, za chuo cha Kurani. Akaandikwa hajui. Kumbe alikuwa na daftari lake la madeni, Kiswahili kitupu ila kwa herufi za Kiarabu, toka kulia kwenda kushoto, nani kachukua vinne, nani kalipa nusu. Darasani alienda, jioni, na mama yangu mgongoni, akajifunza na hizi herufi nyingine akazijua vizuri tu, ila daftari hakulibadilisha mpaka anaacha kuuza, alikuwa anasema mkono wake ushazoea njia ile.

Kwa hiyo mara mbili karatasi imemwandika sivyo. Ya kwanza alicheka mwenyewe, hii ya pili hayupo wa kucheka.

Naomba na nyinyi wa magazeti, mnapotoa habari za msiba tunaona mzee fulani alikuwa mkurugenzi, alikuwa mwenyekiti, miaka yote na vyeo vyote vimetajwa, sawa kabisa, lakini akifa mama ni "ameacha watoto saba na wajukuu", basi. Muulizeni mfiwa alikuwa anafanya nini huyo mama, saa ngapi alikuwa anaamka. Sisi tungewajibu bila kufikiri.

Daftari tulilikuta kwenye sanduku lake chini ya sanda aliyojinunulia mwenyewe. Madeni mengine ni ya watu walioshatangulia mbele ya haki, kayapigia mstari mmoja mmoja, na pembeni kaandika "nimesamehe".

Cheti cha kifo bado hakijatoka, mjomba anaenda kukifuatilia wiki ijayo na safari hii naenda naye. Pale penye kazi nitamtajia karani mwenyewe, taratibu, mpaka amalize kuandika: mpika vitumbua.

Wako,
Mjukuu wake
Ngamiani, Tanga