Zawadi za Krismasi zisifike zote siku moja

Mhariri,

Naandika kuhusu misaada ya Krismasi kwa makao ya watoto yatima hapa Kampala. Tarehe 25 Desemba nyama na mikate humiminika kwa pamoja. Pasipo jokofu, nyama mbichi huanza kuharibika baada ya saa chache tu, na mkate huota ukungu kabla ya wiki kwisha. Januari masufuria ni matupu.

Mtoaji apige simu kwanza, aulize idadi ya watoto. Nyama ya mlo mmoja yatosha. Fedha inayobaki inunue maharagwe makavu, chumvi na sabuni (sabuni ndiyo husahaulika). Unga wa posho (unga wa mahindi) uwekwe juu ya mbao, maana sakafuni hunyonya unyevu. Madaftari yapelekwe muhula wa kwanza unapokaribia.

Msomaji, Kampala